Shemeji Ameigawa Kompyuta Ndogo ya Mume Wangu

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia kama mke na si kama mjane, na kwa hilo peke yake namshukuru Mungu asubuhi na jioni, maana wiki iliyopita nusura mambo yaharibike, lakini mzee wangu yu hai, amekunywa chai yake, ameketi pale dirishani anasoma gazeti, kwa hiyo usishtuke, hii si barua ya msiba, ni barua ya mtu aliyekwisha kushusha pumzi ila amebaki na jambo moja ambalo hajui alimeze au alitapike, na ndilo naomba unisaidie.

Mimi ni msusi, nina saluni ndogo kwenye barabara yetu, na mume wangu alikuwa mshereheshaji, mtu wa kushika kipaza sauti kwenye harusi na mahafali na mechi za mtaa, jina lake watu walishalisahau wanamwita Spika, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya sherehe yeye alikuwa anaendelea tu, na walioko barabarani wanacheka sawa na walioko ukumbini. Basi koo likaanza kumkwaruza, tukasema ni kazi, tukahangaika na asali na tangawizi, kumbe ni uvimbe, tena ule mbaya, na madaktari wakasema kama tunamtaka mtu huyu basi sauti tuiage, wakamwondolea kisanduku chote cha sauti, na tangu siku ile anapumua kwa tundu lililoko chini ya shingo, analifunika kwa kitambaa chepesi, na neno halitoki, wala kicheko.

Sijui, mshauri, kama umewahi kuishi na redio miaka na miaka, unailalamikia kila siku kwamba inakupigia kelele, halafu siku moja ikazimwa. Nyumba ilikuwa kubwa ghafla. Mwanzoni mzee alikuwa akiandika kwenye karatasi, lakini mwandiko wake tangu ujana ni wa kuku aliyekanyaga wino, akaenda dukani kuomba sabuni akapewa sindano, akarudi amenuna, ndipo nikasema hapana, nikaingia kwa simu kwenye ukurasa wa duka la vifaa nikatafuta kompyuta ndogo, nyepesi, ya bei ya mtu kama mimi, na pale chini kuna maoni ya walioinunua, nikayasoma kama anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani. Mmoja anasema ni nyepesi mpaka unaisahau mkobani, mwingine anasema ni ya kuchezea watoto, mwingine chaji inamaliza siku nzima, mwingine kibodi imebanana mpaka vidole vinagombana, mwingine ukifungua mambo mawili kwa pamoja inaanza kutafakari maisha, na mmoja, Mungu ambariki popote alipo, aliandika tu, "Mama yangu ni mtu mzima sana na anaiweza." Huyo ndiye aliyenifanya niinunue.

Mzee akaifungua mapajani pale saluni, akazikuza herufi, akaandika taratibu kwa vidole viwili, kisha akanigeuzia kioo nikasoma: "Leo umejisuka vibaya." Nililia, mshauri, wateja wakanishangaa, lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali mume wangu kunichokoza. Kuanzia hapo akawa mtu wa kutoka, kompyuta ndani ya mkoba, mkoba begani, huyoo kwa kinyozi kubishana mpira, huyoo kwa mwoka mikate, na watu wakajifunza kusubiri amalize kuandika, wengine wanamkazania, "Haya Spika, malizia basi, tunakufa kwa hamu!"

Sasa nina shemeji, mdogo wake mume wangu, anafanya kazi ofisini na kompyuta anazijua, na nataka ujue mapema kwamba si mtu mbaya, ndiye aliyelala kwenye benchi la hospitali siku mimi nilipozidiwa, ila ana mdomo. Alipoiona ile ndogo aliinyanyua kwa ncha za vidole akasema, "Shemeji, hiki ni nini? Kikokotoo? Kaka yangu mtu mzima unampa kikokotoo!" Tukacheka, nikadhani yameisha. Kumbe alienda akawapigia simu watoto wetu wanaofanya kazi mbali, wakachangishana, na Jumapili moja wakaja na boksi kama la televisheni, ndani kompyuta kubwa, inang'aa, ina kila kitu, shemeji akatoa hotuba, watoto wakapiga makofi, mzee akaweka mkono kifuani akainamisha kichwa kushukuru, na kabla ya kuondoka shemeji akakichukua kile kidogo akasema, "Hiki nampelekea binti yangu, anaanza chuo cha uuguzi, kaka hatakihitaji tena." Mimi nikatabasamu. Mzee naye akatabasamu. Kikompyuta kikaondoka.

Mshauri, ile kubwa ni nzuri, nisikufuru, lakini ni nzito, na chaja yake peke yake ni kama tofali, na haikai mapajani mpaka upate meza. Mzee aliibeba mara moja tu kwenda kwa kinyozi, akarudi ametota jasho, tundu linamkoroma, akaiweka mezani na haikutoka tena. Akaanza kutoka mikono mitupu, halafu akaanza kutotoka. Kinyozi akiniuliza nasema amechoka kidogo. Nikimuuliza mwenyewe ananipungia mkono, yaani niache.

Ndipo ikafika siku hiyo. Mkate ulikwisha, akaenda mwenyewe kwa mwoka mikate, bila chochote, na pale ndani walikuwa wanamimina magunia ya unga, vumbi likamwingia tunduni, akaanza kukohoa, akakohoa mpaka kitambaa kikapata damu, ni damu kidogo tu, huwa inatokea pakikauka, lakini nani anajua? Mwoka mikate akaona damu shingoni, akafanya ambalo mtu yeyote mwenye huruma angefanya, akachukua taulo akalibana pale pale ili damu isitoke. Mzee anasukuma, mwoka mikate na vijana wake wawili wanasema amechanganyikiwa, wakamshika mikono. Watu wema watatu wanamnyonga mume wangu, mshauri, na hana namna ya kuwaambia.

Msichana wa kaunta ndiye aliyekuja mbio saluni, "Mama, njoo, mzee anatoka damu shingoni!" Niliruka mikono ina rangi ya nywele, mteja nimemwacha kichwa nusu, nikaingia pale nikapiga ukelele ambao sikujua ninao, "Mwachieni! Anapumulia hapo! Anapumulia shingoni!" Nikalivuta lile taulo. Alikuwa amebadilika rangi. Kisha nikasikia ule mlio, hewa inaingia kwa kishindo, na sijawahi kusikia wimbo mtamu kama ule. Mwoka mikate alikaa chini kwenye unga akalia kama mtoto. Hospitali wakamwangalia, wakamsafisha, wakasema hana tatizo, rudini nyumbani.

Sasa shida yangu ndiyo hii. Najua kama angekuwa na ile ndogo angewaandikia mapema, alipoanza tu kukohoa, kwamba anapumulia shingoni. Lakini nikiidai, binti wa shemeji anaitumia chuoni na ameipenda, na shemeji ataona nimemtemea mate zawadi yake usoni, na watoto nao watasema mama hana shukrani. Nikinunua nyingine, siku shemeji akiiona itakuwa yale yale. Nimefikiria ninunue niifiche saluni chini ya mataulo, mzee awe anaichukua akitoka na kuirudisha akija. Tangu wiki iliyopita nasoma maoni ya walionunua hizi ndogo, nimesoma mpaka macho yanawasha, huyu anasifu, huyu analaani, huyu bawaba zimelegea, huyu inamtosha kabisa, na sijui nimwamini nani. Na yale ya siku ya mkate shemeji na watoto hawajui, sijawaambia, nimeogopa kuwatia presha. Nifanye nini?

Ni mimi, mke wa Spika.

*

Mke wa Spika,

Pole, mama. Pole tena. Nilipofika pale penye taulo niliiweka barua yako chini nikaenda kunywa maji, na niliporudi nikasoma upesi nijue kama kapumua. Kapumua. Hongera kwa mbio zako na kwa ukelele wako, na huyo mteja wa kichwa nusu naamini amekusamehe. Mwoka mikate naye mpelekee salamu zangu, hana kosa, roho nzuri bila habari ndiyo inavyokuwa.

Haya. Nimekuonea huruma, sasa nikugombeze.

Umesoma maoni ya watu wangapi kuhusu hizo kompyuta? Wa bawaba zilizolegea unamjua, wa kibodi iliyobanana unamjua, hadi mtu na mama yake mtu mzima unawajua. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ni kweli, mwenye chombo ndiye ajuaye. Lakini mama, mwenye chombo yuko dirishani kwako anasoma gazeti! Katika barua yako yote ndefu sijaona mahali ulipomketisha ukamuuliza, "Wewe unataka ipi?" Wewe ulimchagulia ndogo, kwa mapenzi. Shemeji akamchagulia kubwa, kwa mapenzi. Sasa unataka kumchagulia ya kufichwa chini ya mataulo, kwa mapenzi pia, mtu mzima awe anaingia saluni kuchukua sauti yake kwa kunyatia kama mwizi wa kuku. Mumeo ametolewa kisanduku cha sauti. Kichwa hakikutolewa. Rai yake iko pale pale.

Na huko kupunga mkono usikuchukulie kuwa ni jibu. Mtu aliyekuwa anaongea mchana kutwa akikupungia mkono, msogezee kibodi.

La pili. Unamwogopa shemeji kwa sababu gani? Mtu aliyelala kwenye benchi la hospitali kwa ajili ya kaka yake, unadhani akisikia kaka kanusurika atakaa kununa kwa sababu ya boksi? Ana mdomo, sawa, wenye midomo wote huwa wanatania kile wasichokielewa. Hajaelewa kwa sababu hukumwambia. Ulitabasamu! Mzee naye akatabasamu! Mkatabasamu wote wawili mpaka sauti ikatoka mlangoni. Mficha uchi hazai, mama, na siku ya mkate uliyoificha ndiyo dawa ya ugomvi unaouogopa. Isitoshe, ukiwaficha, kesho mzee atakohoa mbele ya shemeji, na shemeji atafanya nini? Atatafuta taulo.

Kwa hiyo fanya hivi, na usianze kunijibu "lakini."

Kabla ya kompyuta yoyote, leo hii, tafuta kadi ngumu, uandike kwa herufi kubwa: NAPUMULIA SHINGONI, USIZIBE. Aivae kila anapotoka, hata akienda kutupa taka. Nenda nayo kwa mwoka mikate, kwa kinyozi, kwa mwenye duka, waeleze kwa mdomo wako. Hospitali uwaulize kama kuna bangili maalumu ya watu wa hali yake, na uwaulize pia namna ya kulikinga tundu na vumbi.

Kisha waite wote, shemeji, binti yake, watoto kwa simu. Waeleze siku ya mkate kuanzia mwanzo hadi mwisho, usiruke hata damu. Ukimaliza, nyamaza. Naijua kazi yako, msusi kunyamaza ni mtihani, lakini nyamaza, umsogezee mzee ile kompyuta kubwa aseme mwenyewe. Litakalotoka kwenye kioo ndilo mtakalofuata.

Ile ya binti usiidai. Amepewa na mtu mzima, hakuiba. Mzee akitaka ndogo nyingine, mpeleke dukani kwa miguu yake, azinyanyue kwa mikono yake, achague. Wewe kazi yako siku hiyo ni kushika pochi.

Nasubiri kusikia amechagua nini.

*

Mpendwa mshauri,

Nimefanya, na sikusema "lakini," ila nilitamani.

Kadi nimeiandika siku ile ile niliyosoma jibu lako, mzee akaniambia kwa ile kubwa kwamba anafanana na kifurushi cha posta, lakini ameivaa. Jumapili shemeji na binti yake wakaja, watoto wakawa kwenye simu. Nikawaeleza. Nilipofika kwenye taulo shemeji alisimama, akaenda akaegemea mlango, akatupa mgongo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu akasema, "Kaka, kwa nini hukuniambia kwamba ile ndogo ndiyo uliyoitaka?" Nikanyamaza kama ulivyoniamuru. Nikamsogezea mzee kompyuta. Tukasubiri, tok, tok, vidole viwili, kisha akaigeuza:

"Ulikuwa unahutubia. Sijawahi kumkatiza mshereheshaji mwenzangu."

Shemeji akacheka huku analia, hata hakujua afute kipi. Mzee akaongeza kwamba ile kubwa ni nzuri kwa kuangalia mpira na hatairudisha, ila kwenda nayo dukani ni kama kubeba mlango wa nyumba ukienda kubisha hodi. Binti wa shemeji alikuwa ameshaitoa ile ndogo mkobani, anampa kwa mikono miwili, "Baba mkubwa, ichukue, mimi sikujua." Mzee akaisukuma imrudie, akaandika, "Soma nayo. Ukishakuwa muuguzi, usimzibe mtu shingo."

Jana yake nilikuwa sijalala kwa hofu ya kikao hicho, mshauri. Usiku wa Jumapili nililala kama gogo.

Juzi tukaenda dukani, yeye, mimi na shemeji. Muuzaji akaniuliza mimi, "Mama, mzee anataka ya namna gani?" Nilikuwa nimeshafungua mdomo nikaufunga. Mzee akainama kwenye kompyuta ya maonyesho akaandika, "Muulize mzee." Muuzaji aliomba radhi mpaka tukamwonea huruma. Basi akazinyanyua zote, moja moja, anaipima kwa mkono mmoja, anaiweka mapajani, anaandika neno, anaifunga. Na hatimaye akachagua moja ambayo mimi ningeiruka kwa mbali, maana niliyakumbuka maoni ya walioinunua, karibu wote wanalalamika kwamba kioo chake ni hafifu, ukikaa mbali au pembeni huoni kitu, mpaka usogee uso kwa uso. Shemeji naye akashtuka, "Kaka, hii hapana, hii watu hawataweza kusoma!" Nikamkanyaga mguu.

Mzee aliandika kwa muda mrefu. Kisha akatuonyesha, na kweli tulilazimika kuinama wote wawili, vichwa vyetu vinagusana na chake. Alikuwa ameandika hivi:

"Waliosema lazima usogee wamesema kweli. Ndiyo maana naitaka. Tangu nitoke hospitali watu wananipenda kwa mbali. Wanasimama kule, wananipungia, wanauliza hali kwa mke wangu. Kwa ile kubwa, siku ile moja kwa kinyozi, nilikuwa kama bango, mtu anasoma akiwa anapita. Kwa hii, anayetaka kunisikia atakuja."

Tukainunua.

Leo mchana nilikuwa namsuka mteja karibu na dirisha nikamwona mzee kwenye benchi la nje la mwoka mikate, amevaa kadi yake, kompyuta mapajani. Mwoka mikate amekaa kushoto kwake na aproni ya unga, kinyozi amekaa kulia na mkasi bado mkononi, na nyuma wamesimama wengine wameinama juu ya mabega yao wanasoma. Sijui alikuwa ameandika nini. Nilisikia tu kicheko kikipasuka barabara nzima, na mwoka mikate akimwambia, "Ngoja, ngoja, usifute, sijamaliza!"

Mteja akaniuliza mbona nimesimama na kitana hewani. Nikamwambia hakuna kitu, mama, inamisha kichwa tuendelee.